Katapila la Marehemu

Halmashauri iliifungia kampuni ya Bwana Kalokola isipewe tena zabuni, maana daraja lake lilidondoka mtoni kabla hata ya utepe kukatwa. Adhabu ilimuuma mno: alibadilisha jina la kampuni, akapaka magari rangi mpya, akarudi kuomba zabuni ya daraja lilelile.

Kamati ya zabuni ilimjua fika, ila ilikosa ushahidi kwamba kampuni ni ileile. Katibu wa kamati, Bi Siwatu, akamvutia kiti.

"Una undugu na ile kampuni iliyofungiwa?"

"Ile? Ilikufa, mama. Hata mazikoni sikwenda."

"Wala hukurithi chochote?"

"Hata spana!"

Bi Siwatu akashusha pumzi. "Afadhali. Lile katapila walilolitelekeza mtoni tumelivutia hapa uani. Kwa kuwa halina mwenyewe, vijana wa vyuma chakavu wameanza kulikatakata. Husikii nyundo?"

Kalokola akakimbilia dirishani. "Acheni, washenzi! Katapila langu hilo!"

Uani hapakuwa na katapila. Fundi aliyekuwa akigonga bati la choo cha ofisi akainua kichwa, akashangaa.

"Hongera kwa kufufuka, Bwana Kalokola," alisema Bi Siwatu. "Umefufuka na adhabu yako."