Maji Mengi Katika Nchi Kavu

Haya, sogeeni. Nikisema "Kale!" ninyi mseme "Ije!"

Kale!

Ije!

Ije na nini?

Ije na kweli yake!

Na uongo je?

Kidogo tu, wa kutia chumvi!

Basi, kale, kale sana, kabla ya bati na kabla ya bomba, zama ambazo baiskeli ikipita watu wazima walikimbilia vichakani, alikuja hapa Chisalala mtu kutoka kusini. Alikuja kwa miguu. Begani jembe, kwapani Biblia, kichwani kofia iliyoliwa na panya upande mmoja. Jina lake Zefania Mwakibinga. Huyo ndiye Mbaptisti wa kwanza kukanyaga ardhi hii ya Ugogo tunayoikalia. Kwao mvua hunyesha mpaka vyura wanaomba jua. Kwetu je? Mnajua wenyewe. Kwetu mtu akitema mate, kuku wanakimbilia kunywa.

Msicheke sana, bado sijaanza.

Zefania alijenga kibanda, akalima, akahubiri. Alihubiri akipalilia, alihubiri akila mlenda, alihubiri hata akichunga mbuzi wa watu. Kigogo chake kilikuwa kama cha mtu anayetafuna kokoto. Lakini alikuwa na moyo mweupe. Mgonjwa akiwapo, yupo. Msiba ukiwapo, yupo, na jembe lake. Watu wakampenda kwanza yeye, halafu polepole wakampenda na Yesu wake.

Wa kwanza kuamini alikuwa mjane mmoja, Bibi Mbeleje. Mwanamke mrefu, mkavu, na ulimi wake mkali kuliko pilipili. Wakafuata wengine, kundi dogo. Wakasema, "Tumeamini. Sasa tubatize."

Hapo ndipo neno lilipokuja. Zefania akawaambia, "Sisi Wabaptisti hatunyunyizi. Kwetu ni maji mengi. Mtu anazama mwili wote, kichwa mpaka kisigino, kama anayezikwa, halafu anainuka mtu mpya."

Watu wakatazamana. Maji mengi! Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Korongo limekauka, mashimo ya mchangani yamekauka. Kilichobaki ni kisima kimoja, kirefu, kilichochimbwa na mababu, na mlinzi wake alikuwa Mzee Chibago. Kila nyumba ilipewa fungu lake asubuhi, na mwizi wa maji alifukuzwa kijijini. Na huyo Chibago, wajukuu zangu, alikuwa mdogo wake Bibi Mbeleje, tumbo moja.

Zefania akaenda kwake, akavua kofia.

"Mzee, nimekuja kuomba maji ya kubatizia."

"Maji ya kunywa?"

"Ya kuzamisha watu, mzee."

Chibago akasimama. "Wewe mgeni, ng'ombe wangu wanakufa wamesimama. Watoto wanalamba vibuyu. Halafu nikupe maji mkaogee?"

Zefania akageuka. Akatazama ng'ombe, akatazama watoto. Akasema, "Kweli, mzee. Sikupaswa kuomba." Akavaa kofia, akarudi. Hakumchukia, wala hakumsema vibaya kanisani. Shikeni hapo.

Basi jua likaendelea kuwaka, likawaka, likawaka. Bibi Mbeleje akashikwa na homa ya kifua. Akakonda, akawa wa kubebwa. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini nani atachimba kaburi.

Ng'ambo ya kilima kulikuwa na mwinjilisti wa kanisa jingine, la maji machache. Mtu mwema, msimdharau. Akasikia habari, akaja na bakuli.

"Mama, Mungu hapimi maji kwa debe. Kiganja kimoja kinatosha. Nikubatize upumzike."

Bibi Mbeleje akafungua jicho moja. "Mwanangu, asante kwa kutembea jua lote hili. Lakini mimi nimenawa kwa kiganja maisha yangu yote. Kwa Mungu sitaki kwenda nimenawa. Nataka kwenda nimeoga."

Mwinjilisti akacheka, akamwombea, akanywa uji, akaenda zake.

Zefania naye akaketi kando ya kitanda, moyo umemvunjika. "Mama, usisumbuke. Mungu anakujua. Hata ukiondoka leo hujalowa ukucha, wewe ni wake."

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo, mama."

"Basi ulitufundishia nini mambo ya kuzama?"

Zefania akainuka. Alitoka nje, akachukua jembe, akashuka korongoni.

Akachimba. Mchanga ukaporomoka, akachimba. Waamini wenzake wakaja na vibao na majembe, wakachimba. Wanaume wa kijiji walikaa ukingoni kutazama kichaa wa kusini. Mchanga ukaisha, wakafika kwenye udongo mweusi, na udongo ukaanza kutoa jasho. Tone. Tone. Tone. Maji yale yalikuwa kidogo, mekundu kama chai ya zamani.

Chibago akaja, fimbo mkononi. Akainama juu ya shimo.

"Mhubiri, unachimba nini? Kisima au kaburi?"

Zefania alikuwa mtu wa kusema kweli, hata pale ambapo mwenye akili angekaa kimya. Akasema, "Kaburi, mzee."

"La nani?"

"La dada yako."

Mama yangu wee! Chibago akarukia shimoni, akamkamata shati. Ilibidi watu wamshike. Zefania anahema, anamwambia, "Anazikwa na kuinuka, mzee! Ndio ubatizo wetu! Anazikwa na kuinuka!"

"Na asipoinuka?"

Chibago akamwinulia fimbo.

"Sikiliza, mgeni. Ukimtoa dada yangu humo akiwa maiti, na wewe utabaki humo humo."

Zefania akasema, "Ni haki yako."

Asubuhi iliyofuata wakamleta Bibi Mbeleje juu ya ngozi ya ng'ombe, wamembeba wanne. Kijiji kizima kilikuja, wanawake na ngoma zao, wengine kuomba, wengine kuona mzungu wa rangi nyeusi atakavyouawa. Mama yangu alikuwapo, amenibeba tumboni, ndiye aliyenisimulia.

Maji yalifika magotini tu. Zefania akamlaza bibi taratibu. Tazameni sasa. Akizamisha uso, magoti yanatoka. Akizamisha magoti, pua inatoka juu kama pua ya kiboko. Akijaribu hivi, tumbo. Akijaribu vile, bega. Watu wakaanza kucheka, na Bibi Mbeleje mwenyewe akacheka, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kutetemeka.

Chibago akapiga kelele, "Mtoe! Anakufa!"

Zefania akanyoosha mikono amtoe. Bibi akamshika kifundo cha mkono. Akamtazama mdogo wake kule juu.

"Chibago."

"Dada, toka humo."

"Nimekubeba mgongoni hujaota meno. Baba alipokufa nimekulisha. Niliwahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi, dada."

"Leo nakuomba maji."

Chibago akasimama pale kama mti. Kisha akageuka, akaondoka. Watu wakasema, kaenda kuchukua mkuki.

Akarudi na wake zake watatu, kila mmoja na kibuyu kichwani, na yeye mwenyewe kabeba cha nne begani, mwanamume mzima, jambo lisiloonekana siku zile. Akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Hili ni fungu la nyumba yangu la leo. La mtu mwingine sijagusa hata tone." Akamimina.

Hayakutosha. Basi mwanamke mmoja akaondoka kimya kwenda kwake. Mwingine akafuata. Hata wasioamini wakaenda, wakaleta nusu kibuyu, wakaleta kata, wakaleta walichobakiza. Maji yakapanda. Yakapanda. Yakafika kiunoni.

Zefania akasema maneno yake kwa Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, akamlaza. Bibi Mbeleje akazama mwili wote. Hakuna pua, hakuna goti. Maji yakamfunika.

Akamwinua. Kichwa kikaanguka begani mwa Zefania, hakisogei.

"Dada?" akaita Chibago. "Dada!"

Bibi akakohoa. Akatema maji. Akafungua macho yote mawili.

"Yana baridi hayo! Nani kanimwagia ya chini kabisa ya kisima?"

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, wajukuu zangu! Ngoma zikalia, wengine wakabatizwa hapo hapo kabla maji hayajanywewa na udongo, na walipomaliza, Chibago akaleta ng'ombe wake wakanywa yaliyobaki. Halikupotea tone.

Mnataka niseme mvua ilinyesha jioni ile? Haikunyesha. Ilichelewa bado, na ng'ombe wengine walikufa. Lakini Bibi Mbeleje alipona. Aliishi mpaka mimi nikamjua, akimkosoa Zefania kila Jumapili kwamba anaimba kama mbuzi aliyefungwa.

Na Chibago? Hakubatizwa kamwe. Zefania alimwendea siku moja, akamwambia, "Mzee, kanisa linakutaka, ila lazima uwaache wake wawili, ubaki na mmoja." Chibago akafikiri, akamuuliza, "Nimwache yupi, mchungaji? Aliyebeba kibuyu kipi?"

Zefania akainamisha kichwa. Hakumuuliza tena. Lakini kila ubatizo ulipofika, Chibago aliketi ukingoni na fimbo yake, akifukuza mbuzi wasichafue maji, na mtu akicheka alimtwanga.

Sasa sikieni, maana jua linashuka na mama zenu wataita. Ukiamini jambo, lisimamie. Lakini usilisimamie juu ya koo la mwenzako. Na mwenzako akiomba kitu ambacho wewe hukielewi, mtazame kwanza usoni ni nani anayeomba.

Kisa changu kimefika kwake, kimeweka mzigo chini. Aliyekipenda akibebe, aliyesinzia, aulize jirani yake.