Tangi Hupasukia Shingoni

Tangi hupasukia shingoni. Jana mliisikia kwenye posa mkacheka, na leo mmenijia mbio mkitaka asili yake. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwangu mimi, hapa hapa Pemba.

Nilitaka tangi la mvuke, nipike makonyo, vile vijiti vya karafuu, nipate mafuta. Fundi Faki akaniundia tangi lenyewe, nene, la mviringo safi. Bomba la kutolea mvuke, pana kama paja, akaliunda Fundi Kombo. Wawili hao walikuwa hawasemezani. Faki alitoboa tangi lake akaenda zake. Kombo akaja, akachomelea bomba juu ya tundu, naye akaenda zake. Kila mmoja alinisifia chake mpaka nikachoka.

Makonyo yalijaa uani, na mimi kiberiti mkononi. Mwanangu Asya, aliyesomea uhandisi, akanizuia.

"Mama, kiti chako kiko chini ya bomba hilo. Tujaze maji kwanza, tuzibe, tusukume kwa pampu. Maji yakipasua chuma, humwagika tu. Mvuke ukipasua, huua."

Akapaka chokaa kila mahali, ili tuone chuma kitavutika wapi, ikakauka, tangi na bomba vikawa vyeupe pe. Mafundi wakaitwa.

"Litaanza kupasuka bomba lake," Faki akasema.

"Tangi lako hilo!" Kombo akajibu.

Asya akapiga pampu. Mshale wa geji, kile kipimo cha msukumo, ukapanda. Tangi, kimya. Bomba, kimya. Mara chokaa ikaanza kubanduka shingoni, pale bomba linapoingia tangini! Ikazunguka shingo yote, ikaanguka kama maganda ya yai. Kwingine kote kweupe vile vile.

"Hapo ndipo chuma kinapovutika kuliko pote," Asya akasema. "Tundu limelikata tangi, na mzigo wa kipande kilichoondolewa umehamia ukingoni. Panataka mkanda."

"Na ukingo huo ni kazi ya nani?" nikauliza. Faki akamnyooshea Kombo kidole, Kombo akamnyooshea Faki.

Tukamwaga maji. Faki akakata mkanda wa chuma kinene, akaushikilia, Kombo akauchomelea. Wakalazimika kusemezana, watake wasitake. Tukapaka chokaa upya, tukapiga pampu: haikubanduka hata chembe! Nilipiga vigelegele, mtaa mzima ukaja. Nikawasha moto, nikakaa kwenye kiti changu bila hofu.

Sasa, jana watu wa mume walimsifu kijana wao, watu wa mke wakamsifu binti yao. Nikawauliza, wawili hawa wakigombana, nani atakwenda kuwapatanisha? Kila upande ukautaja mwingine. Ndipo nikawaambia: tangi hupasukia shingoni.