Kwa Nini Koa Hutoka Mvua Ikinyesha

Hapo kale, koa alipokuwa bado na nyumba mgongoni kama nduguye konokono, hakuogopa jua hata kidogo. Alitembea mchana kweupe, na kiangazi na masika kwake yalikuwa mamoja. Alikula majani makavu yaliyoanguka; mboga mbichi alikuwa hajaionja. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Huko milimani Usambara aliishi Bi Nyange, fundi wa mboga. Aliipenda bustani yake kama wajukuu zake, na wajukuu alikuwa nao tele, wote walaji. Mwaka mmoja kiangazi kikawa kirefu mno. Bustani nzima ikaungua, ukabaki mche mmoja tu wa mnavu, nao kama ungekufa kabla ya kuzaa mbegu, mnavu ungekwisha mlimani kote. Maji yalibaki ndani ya ufa mwembamba wa jiwe, ambamo kata ya Bi Nyange ya kuchotea haikupita. Akaketi chini, akalia.

Koa alikuwa jirani, akamhurumia. Akajivuta, akajivuta, akatoka nyumbani mwake, jambo ambalo ukoo wao haukupata kulifanya.

"Bibi, chukua hii uchotee," akasema. "Utanirudishia mvua ikija."

"Na wewe je, mwanangu? Jua si litakukausha?"

Bi Nyange akamlaza chini ya jiwe, kwenye udongo wenye unyevu, karibu na shina la mnavu. Kwa jinsi alivyofurahi, neno likamponyoka: "Mvua ikinyesha, toka. Karibu mboga!"

Neno hilo ndilo lililomponza. Watu husema "karibu" kwa adabu tu, hata chungu kikiwa kitupu, na mgeni mwenye akili hujibu, "Ahsante, nimeshakula." Koa hakuzijua adabu hizo. Alilisikia neno akaliweka moyoni.

Kila asubuhi Bi Nyange alichota maji kwa lile gamba, tone kwa tone, mpaka mnavu ukazaa na mbegu zikakomaa. Mvua ilipoanguka akazipanda, miche ikachomoza. Koa naye, ambaye huko chini alikuwa ametaga mayai kwenye udongo mbichi, akatoka na ukoo mzima. Mawingu yalikuwa yamelifunika jua na ardhi ilikuwa imelowa vizuri. Wakala mpaka wakavimba.

Bi Nyange akaja mbio na gamba mkononi. "Mwanangu, nyumba yako hii hapa!"

Koa akajaribu kuingia. Kichwa kikaingia, tumbo likakataa.

"Bibi," akalalamika, "mbona nyumba imepungua?"

Miche yake ilikuwa inaisha mbele ya macho yake, lakini Bi Nyange alicheka mpaka akashika mbavu. Kumfukuza aliyemvulia nyumba hakuweza. Kumwacha nako, mbegu ingekwisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa koa atalishika kwa mkono gani? Akaenda jikoni, akachota majivu makavu kwa gamba lile lile, akayamwaga kuizunguka miche iliyosalia, maana majivu makavu koa hayapiti.

"Humu ni chumbani kwangu," akamwambia. "Ya huko nje kula, nilikukaribisha mwenyewe. Na ukikuta majivu yamelowa, basi bibi yako kasinzia, bahati yako."

Na tangu siku hiyo, jua likiwaka koa hujificha chini ya mawe na majani yaliyooza, kwa kuwa hana nyumba. Mvua ikinyesha mfululizo, hutoka na ukoo wote, kwa kuwa alikaribishwa. Majivu yakilowa, akina bibi hutoka kuyamwaga upya, huku wakinung'unika na kumwita mlafi. Lakini wakiokota gamba tupu bustanini hawalikanyagi. Hulipangusa udongo na kuliweka taratibu kando ya mche.

"Liache hapo," husema. "Siku atakapokonda, atalitaka."