Nyumba ya Machano Isiyogusa Udongo

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko visima vya maji matamu, palikuwa na mji ukiitwa Shangwezi, na sultani wake akiitwa Sultani Mansabu. Huyu hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia marehemu. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana tu. Akitoa sadaka, sharti mpiga zumari awepo. Akitembelea mgonjwa, sharti mgonjwa atolewe nje, ili watu waone ametembelewa na nani. Basi ikawa siku moja akaletewa habari kwamba wajumbe wa mfalme wa ng'ambo watakuja kufunga naye mwezi wa Ramadhani, na tangu saa ile hakupata tena usingizi wa maana.

Alikuwa na waziri wake, jina lake Sudi, hodari sana wa kuona uchafu ulio mbele ya nyumba za wenzake. Waziri huyu akamwendea akamwambia, "Maulana, utakapowaketisha wageni katika roshani ya jumba lako, macho yao yataangukia mtaa wa Mabondeni. Wataona vibanda vya makuti, na kuku, na nguo za maskini zimeanikwa kambani. Wakirudi kwao watasema nini?"

Sultani akashika ndevu. "Tufanye nini basi?"

"Tuvibomoe, Maulana, tupande mawaridi. Ardhi yote ni yako. Wale wamejiegesha tu."

Basi vibanda vikabomolewa, mawaridi yakapandwa, na mbiu ikapigwa mji mzima, ya kwamba mwezi wa Shaabani ukiisha, kila asiye na nyumba atatolewa nje ya lango. Na pia ni marufuku mtu kuchimba hata shimo la nguzo moja katika ardhi ya Sultani bila idhini ya Waziri. Na idhini ya Waziri, kila mtu alijua, haikutolewa kwa aliyekuja mikono mitupu. Hapo mwenye akili angeuliza: mtu atapataje nyumba, naye amekatazwa kujenga? Lakini wenye akili wa mji ule walikuwa barazani kwa Sultani, wakitikisa vichwa kwa kukubali, na hakuna aliyeuliza.

Miongoni mwa waliobomolewa alikuwamo mtu mmoja akiitwa Machano. Watu walimwita punguani, kwa kuwa hakuwa na kitu na bado alikuwa akicheka, jambo ambalo wenye mali hawakulielewa na liliwaudhi. Mkewe, Miza, siku zile hakuwa akicheka. Alikuwa mja mzito na miezi yake inakaribia kutimia, na nje ya lango la mji hapakuwa na kitu ila pori na fisi.

"Mume wangu," akasema Miza, nao wameketi juu ya mkeka pale palipokuwa mlango wao, "njaa nimeizoea, na kusemwa nimekuzoea. Lakini mtoto huyu sitamzaa porini. Nenda kwa huyo Sultani ukaseme naye. Wewe kwa kusema hushindwi."

Machano akajifuta vumbi la nyumba yake mwenyewe, akaenda. Alipofika barazani akainama, akanena, "Ewe Maulana, nimekuja kuomba mahali pa kumweka mke wangu. Hatutaki pakubwa. Yeye ni mwembamba, isipokuwa mbele."

Sultani alikuwa ameshiba vizuri siku ile, akataka kuchekeshwa. "Wewe ndiwe yule punguani wa Mabondeni? Haya, nakupa ruhusa. Jenga nyumba popote upendapo katika mji wangu, ila isiguse udongo wangu. Na iwe nyumba kamili: iwe na mlango, na dirisha, na paa, na baraza ya kumkaribishia mgeni. Ukiweza, ni yako, na mtu yeyote atakayeigusa bila ridhaa yako nitamkata mkono. Ukishindwa, wewe na mkeo mtatoka mkalale na fisi."

Watu wa barazani wakacheka hadi wakashika mbavu, maana mzaha wa sultani humchekesha kila anayekula kwake. Machano akangoja wamalize.

"Maulana, ruhusa hii ni yangu peke yangu, au ni ya kila mtu?"

"Ya kila atakayeweza!" akasema Sultani, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Na nikijenga, nitakuwa na haki zote za mwenye nyumba, na nitakaokaa karibu nao watakuwa majirani zangu?"

"Haki zote! Hata futari ukitaka mpelekee jirani yako."

Machano akashukuru, akaenda zake, na kicheko kikamsindikiza hadi nje.

Basi palikuwa na jaa kubwa nyuma ya soko, na katika jaa hilo lilitupwa gari bovu la punda, lililokuwa likibeba mawe ya chokaa mpaka mti unaoshika magurudumu ukavunjika. Machano akalivuta mpaka Mabondeni, akauunga ule mti kwa boriti iliyotoka katika paa lake mwenyewe lililobomolewa, akaanza kujenga juu ya gari. Mbao aliokota, misumari aliinyoosha kwa jiwe, makuti yalikuwapo tele, kwa maana Waziri alikuwa amebomoa kwa bidii. Lakini kujenga kwa vya kuokota kuna tabu yake. Mara ya kwanza Machano alipandwa na tamaa akajenga nyumba ndefu, yenye chumba cha mbele na chumba cha nyuma. Alipomfunga punda aliyemwazima kwa mchota maji, nyumba ikaelemea nyuma, mbele kukainuka, na yule punda akabaki akining'inia hewani akipiga mateke na kulia kwa sauti ya kusikitisha.

Miza alicheka siku hiyo, mara ya kwanza tangu wabomolewe, mpaka akalazimika kukaa chini.

"Chumba cha nyuma kiondoe," akasema alipopata pumzi. "Sisi ni nani hata tuwe na chumba cha nyuma?"

Kikaondolewa. Ikabaki nyumba yenye upana wa kitanda na urefu wa kitanda na hatua moja ya kusimama. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kamba. Mchana kiliinuliwa kikatundikwa ukutani, usiku kikashushwa. Jiko na chungu vilining'inia chini ya gari. Mlango ulikuwa ule ule wa zamani, ila ulikatwa nusu, hata mtu mzima hawezi kuupita bila kuinama. Na baraza ilikuwa ubao mmoja wenye bawaba: mgeni akija unashushwa, akiondoka unapandishwa.

Miza akaingia, akatazama huku na huku, jambo lililomalizika upesi. "Humu nikitaka kujigeuza, wewe itakubidi utoke nje."

"Nitatoka," akasema Machano. "Nje ndiko kukubwa."

Shaabani ilipoisha, askari wakatoka kuwasaka wasio na nyumba, na Machano akatoka na nyumba yake. Ikapita sokoni ikilialia magurudumu, Miza amekaa dirishani akisalimia watu, na umati ukaifuata nyuma. Ikapita mtaa wa matajiri, ikapita msikiti wa Ijumaa, ikaenda kusimama ukutani mwa jumba la Sultani, chini kabisa ya roshani. Machano akamfungua punda, akamrudisha kwa mwenyewe.

Waziri Sudi akashuka mbio, kilemba kikimfunguka. "Magurudumu yamegusa udongo! Askari, mkamateni!"

Sultani naye akatokeza roshani kutazama kelele. Machano akamwinamia, kisha akamgeukia Waziri. "Magurudumu ni ya gari, Waziri, na nyumba iko juu ya gari. Gari la Maulana lina magurudumu manne, nalo hupita humu kila Ijumaa. Ikiwa gurudumu kugusa udongo ni kujenga, basi Maulana amejenga mji mzima bila idhini yako."

Watu wakainamisha nyuso wasionekane meno. Waziri akawapigia kelele askari waisukume nyumba ile. Askari wakaisogelea, wakakumbuka neno la Sultani, wakaitazama mikono yao, wakaipenda.

"Basi iondoe wewe mwenyewe!" akafoka Waziri.

"Punda si wangu, Waziri, amekwenda kuchota maji. Na mimi sina nguvu za punda."

Sultani alimwona Waziri anavyotokwa jasho, akafurahi kidogo, kwa sababu hakuna mtu anayempenda waziri wake kila siku. Akasema, "Mwacheni. Wageni wakija tutawaambia ni banda la kuku."

Wageni wakaja, mwezi ukaandama, na jioni ya kwanza ya Ramadhani, wajumbe wameketi roshani wakingoja adhana, Machano akabisha hodi katika lango kuu. Mkononi amebeba sahani ya muhogo wa nazi, imefunikwa kawa. Akasema ameleta futari kwa jirani.

Ilikuwa desturi ya mji ule, na pwani yote hata leo ipo, ya kwamba jirani akikuletea futari, sahani yake huirudishi tupu. Utaitia chochote, walau tende. Ukiirudisha tupu umemwambia kwamba ujirani wenu umekwisha, na mji wote utalijua hilo kabla ya tarawehe.

Mkubwa wa wajumbe akauliza, "Huyu ni nani?"

Sultani akafungua kinywa aseme habari ya kuku, lakini akaziona nyuso za wageni zimejaa mshangao, na ule ugonjwa wake wa kupenda kuonekana ukampanda. "Huyu ni jirani yangu," akasema. "Mimi sijitengi na watu wangu."

"Ajabu njema!" wakasema wajumbe. "Kwetu mfalme hana jirani."

Basi Sultani akavimba kwa furaha, akaamuru sahani irudishwe imejaa nyama na sambusa. Na waliobomolewa wa Mabondeni, waliokuwa wamejificha mashambani na kwa jamaa zao, wakapata habari mbili kwa siku moja: kwamba ruhusa ya kujenga juu ya magurudumu ni ya kila mtu, na kwamba jirani wa Sultani hufuturu nyama.

Ikawa kila kukicha nyumba imeongezeka ukutani. Muuza vitumbua akaja na nyumba juu ya mikokoteni miwili iliyofungwa pamoja. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani tangu ujana wakaja na nyumba moja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na gurudumu moja tu. Mjane mmoja alikuwa amejengea paa toroli la kubebea samadi, akalipaka chokaa, akatundika pazia, na sharti ukifika upige hodi. Kabla mwezi haujafika nusu, jumba la Sultani lilikuwa limezungukwa pande zote, na kila jioni kila nyumba ikapeleka sahani yake, hii kunde, hii mbatata, hii uji wa pilipili manga. Na kila sahani ikarudi imejaa, kwa sababu kila jioni wajumbe walihesabu majirani na kusema ajabu njema, na Sultani hakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Jikoni wapishi wakachoka. Mbuzi wakaisha, kuku wakaisha, unga ukaisha, na kunde za maskini zilizokuja zikalazimika kugeuka na kutoka zikiwa juu ya sahani za maskini wengine. Hata ikawa jioni moja, adhana imelia, Sultani na wajumbe wamenawa mikono, sinia likafunuliwa mbele yao, na ndani mlikuwa na tende chache na jagi la maji.

"Futari iko wapi?" akauliza Sultani kwa sauti ndogo.

"Maulana," akasema mpishi mkuu, naye karibu alie, "futari imekwenda kwa majirani."

Wajumbe wakatazamana. Sultani akainuka, akashuka ngazi, akatoka langoni kwa miguu yake, akaenda mpaka ile nyumba ya kwanza chini ya roshani. Moshi wa uji ulikuwa ukitoka chini ya gari. Akapiga hodi, akaambiwa karibu. Na kwa kuwa mlango ulikuwa nusu, watu wote wa nyumba za magurudumu wakaona kitu ambacho hakijaonekana Shangwezi tangu mji ujengwe, yaani Sultani Mansabu akiinama.

Ndani alimkuta Miza kitandani, na kifuani mwake kichanga kilichozaliwa asubuhi ile. Machano alikuwa amesimama katika ile hatua moja, hata Sultani alipoingia ikambidi mwenye nyumba atokee dirishani.

Miza akamwelekeza kwenye bakuli la uji. Sultani akanywa, akanywa tena, kisha akaona haya. "Mwana wa kike, nimekuwa jirani yenu kwa siku hizi chache, nami nimekuja kula chakula cha mzazi."

"Kunywa, Maulana, utanipatia thawabu," akasema Miza. "Lakini ujirani wetu si wa siku chache. Mabondeni tulikuwa tukiliona dirisha lako kila asubuhi. Wewe ndiye hukuwa ukituona. Na lau si gari hili, mtoto huyu leo angekuwa porini, na mimi nisingekuwa nikisema nawe kwa adabu."

Sultani akamtazama yule mtoto muda mrefu, bakuli mkononi, na inasemekana kwamba alilia, ingawa wengine husema ni moshi. Alipotoka akajigonga kichwa juu ya mlango, akaanza kucheka, akacheka mpaka wajumbe wakachungulia kutoka roshani.

Papo hapo akatoa hukumu. Watu wa Mabondeni warudi kwenye viwanja vyao, viwe mali yao na ya watoto wao. Mawaridi wayang'oe au wayaache kama wapendavyo. Na kwa kuwa Waziri Sudi ndiye aliyekuwa akijali sana habari ya mashimo ya nguzo, basi ayachimbe yeye, ya kila nyumba, kwa jembe na kwa mikono yake.

Idi ilipokwisha, Sultani akaenda kutazama kazi, akamkuta Machano akisimamisha nguzo za nyumba ya udongo, na gari lake limeegeshwa kando. Alikuwa akiyapaka magurudumu mafuta.

"Machano," akasema Sultani, "sasa una kiwanja na una neno langu. Gari la nini tena?"

"Neno lako nimeliamini, Maulana. Lakini wageni wako watakuja tena mwakani."

Sultani akacheka, na watu wote waliokuwapo wakacheka naye, isipokuwa Waziri, aliyekuwa bado yumo shimoni.