Ua la Kumi na Mbili

Nitegeeni masikio, na ulimi muuweke akiba. Mwishoni nitauhitaji.

Katika mji wa Mifumbi, ambako maji ya chumvi hupita kati ya nyumba kama vichochoro, walikuwako watu watatu wenye vipawa. Shufaa alisuka mikeka, na vidole vyake havikusahau nakshi. Hafidhi alichora, chochote alichokitazama mara moja kilihamia karatasini. Biubwa alichonga mbao kwa patasi za marehemu babake, katika karakana ya mji aliyozaliwa ndani yake.

Masika yalipoung'oa mlango wa mbao uliozuia bahari kwenye Mfumbi Mkuu, mfereji mkubwa kuliko yote, baraza la mji likatoa muda: mlango urudi na nakshi yake kabla ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. La sivyo Bwana Makungu, tajiri wa mji, ataweka wa chuma, na karakana aivunje ajenge nyumba ya wageni. Kwa desturi, aliyeurudisha mlango huchongwa jina juu yake, jina moja tu, na ufunguo wa karakana huwa wake.

Na nakshi yenyewe? Wazee wa baraza, waliopiga picha za harusi zao mbele ya mlango ule, hawakukumbuka hata ua moja!

Shufaa akaleta karakanani mkeka wa bibi yake. "Nakshi ndiyo hii. Maua kumi na mawili, ila hili la katikati huachwa wazi."

"Kwa nini?" Biubwa akauliza.

"Nilipolijaza nilichapwa. Sababu sikupewa."

Hafidhi akauchukua mkeka, na mistari ya ukili iliyonyooka akaigeuza petali za mviringo, kwa kipimo kamili cha mlango. Pasipo karatasi zile, patasi isingejua pa kuanzia.

Biubwa akachonga, huku lile pengo likimsumbua. Siku alipolowesha ubao akauona unavimba, akaelewa: mlango hufungwa majini ukiwa na nafasi katikati; mbao zikishashiba maji, ua la mwisho huchongwa kwa nafasi iliyobaki, likagongomewa kama kabari.

Lakini kila adhuhuri alimwona Hafidhi akielekea kwa Makungu, karatasi kwapani.

"Zinakwenda wapi hizo?"

"Kuota jua."

"Jua la kwa Makungu ni kali kuliko la hapa?"

"Dada, wewe chonga."

Tangu siku hiyo, hata chai aliyoimimina Hafidhi Biubwa hakuinywa.

Bamvua ilipokaribia, Makungu akaleta mlango. Si wa chuma. Wa mbao, uliokatwa kwa mashine, nakshi ileile, petali kwa petali!

"Wangu umekamilika," akatamba. "Wao una tobo."

Baraza likauweka wa Makungu. Maji yakaja, mbao zikavimba, na kwa kuwa hazikuwa na pa kwenda, zikapasuka. Soko la samaki likazama hadi magotini. Ndipo wakaukimbilia mlango wa Biubwa, uliokuwa umelowekwa kando ya karakana. Akachonga ua la kumi na mbili, akaligonga mara tatu. Maji yakatii.

Barazani Shufaa akasema, "Bila mkeka wangu mngechonga nini?"

Biubwa akasema, "Bila mimi, pengo lingebaki pengo. Na huyu Hafidhi ni msaliti!"

"Nilimpa mchoro, ndiyo," Hafidhi akajibu. "Wenye maua yote kumi na mawili yamejaa. Chuma alikuwa ameshakiagiza. Alipoiona nakshi akataka sifa, akakiacha. Chuma hakivimbi, dada. Angekiweka, leo ungekuwa unafungasha virago."

"Kwa hiyo ulimtega? Na hivyo viatu vipya ulivitega wapi?"

Hafidhi akaficha miguu chini ya benchi. "Nawe uliuona mlango wake hauna nafasi. Mbona ulinyamaza mpaka soko likazama?"

Biubwa akaanza kuifuta patasi ya babake kwa kanga.

Mwenyekiti akauweka ufunguo juu ya mkeka. "Jina moja," akasema.

Aliyekumbuka bila kujua sababu. Aliyejua sababu akanyamaza. Aliyetega, au aliyeuza kisha akaponea bahati. Patasi iko tayari na ubao wa juu bado mtupu. Haya, utoeni ule ulimi: mngekuwa barazani, mngeamuru lichongwe jina la nani?