Mbuzi wa Bwana Shekue

Si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshafika, ushirika wa machungwa wa Kwemdimu ulitafuta tovuti ya kuuzia matunda. Bwana Shekue, tajiri mwenye mkono wa birika, alikuwa na yake, ila ilifunguka kwa simu zilizonunuliwa dukani kwake tu. Mwanahawa, fundi asiyeona, alitengeneza nyingine. Hiyo ilifunguka kwa simu yoyote, na asiyeona alisomewa kwa sauti.

Wajumbe tisa wa kamati ndio wangechagua. Shekue akawachinjia mbuzi wawili. Wakala, wakalamba vidole, wakamwahidi kura.

Mwanahawa akamwendea. "Shikamoo, Bwana Shekue. Najua nimeshashindwa."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja na ombi. Tusipige kura kwa kunyoosha mikono. Anayekutaka apigie kwenye tovuti yako, anayenitaka apigie kwenye yangu. Utawajua waliokula mbuzi wako, mmoja mmoja."

Shekue alicheka hadi kofia ikadondoka. "Haya, binti. Na iwe hivyo."

Siku ya kura wajumbe walitoa simu zao. Wakabonyeza, wakapangusa vioo, wakabonyeza tena. Jioni katibu akatangaza, "Shekue, hakuna. Mwanahawa, moja."

"Moja ya nani?" Shekue alifoka.

Mjumbe wa tisa akainuka, naye alikuwa mama mkwe wa Shekue. "Yangu, baba. Tangu asubuhi nabisha kwako, naambiwa nikanunue simu kwanza. Kwa mwenzio nimepiga hodi mara moja tu, nikakaribishwa."