Msimamizi wa Mjukuu wa Apolonia

Sogeeni, na mwenye haraka ya kuhukumu auzuie mdomo wake kwanza. Parokia moja ya milimani ilikuwa na wanawake watatu. Leokadia, mtunza sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, alikuwa na sikio: hata kwaya iimbe vipi, alijua nani kakohoa na benchi gani. Fortunata, katekista, alikuwa na ulimi usioogopa mtu. Melania, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa na uvumilivu, tena ule wa kuudhi.

Na alikuwepo Bibi Apolonia, mwenye hasira zake. Wakati wa kutakiana amani hakutosheka na jirani. Alizunguka kanisa zima akishika mikono ya watu. Basi mafua makali yalipoingia parokia ya jirani na kuanza kuua wazee na vichanga, Padre alitangaza kwa utulivu kwamba kanisa halifungwi na watu wasitishane. Ila amani itatolewa kwa kuinamisha kichwa, na anayekohoa abaki nyumbani, atapelekewa Komunyo. Apolonia alichukia. Amani gani hiyo ya kutikisiana vichwa kama mijusi?

Jumapili iliyofuata akaja na kikohozi chake, amekibana kwa kanga. Nyumbani kamwacha mjukuu mchanga, njiti asiyetimiza miezi tumboni, aliyezaliwa baada ya mama yake kuzika watoto wawili.

Leokadia alikuwa anawasha mishumaa. Akasikia kikohozi kimoja tu, akajua ni cha nani. Angenyamaza, nani mwingine angejua? Akamnong'oneza Fortunata.

Fortunata akamfuata Apolonia hadi kwenye benchi, watu wanatazama.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bibi."

"Milele amina," akajibu kwa kuuma meno, maana salamu hiyo haiachwi hata ukiwa na hasira.

"Toka nje, Bibi. Na kwa mtoto usirudi."

Loh! Kufukuzwa kanisani kama mbuzi, yeye aliyebeba mawe ya msingi wake!

Melania akampokea mlangoni, akampeleka kwake, akamfungia chumbani. Kabla ya jioni homa ilikuwa imempanda. Melania akaleta uji, Apolonia akaumwaga. Akapika mwingine. Akatukanwa, akapika tena, mpaka mafua yakamwangusha na yeye.

Yakapita. Wote wawili wakapona, na kichanga hakikupiga hata chafya.

Sasa ni siku ya ubatizo. Msimamizi, yaani mzazi wake wa ubatizo, ni mmoja tu, na Padre kasema Bibi ndiye achague. Leokadia anauliza, bila sikio lake, huyo Fortunata angemtoa nani? Fortunata anasema kusikia si kazi, kazi ni kumtamkia mtu mzima usoni. Melania hasemi kitu, na kimya chake kinamuudhi Apolonia kuliko maneno ya wenzake.

Apolonia kampakata mtoto, na hasira bado anayo. Mmoja alimchongea, mmoja alimwaibisha, mmoja alimfungia, na hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi. Lakini kifua cha mtoto kinapanda na kushuka mkononi mwake, na anajua mkono huohuo ndio ungemuua.

Padre anauliza tena, nani ampokee?

Haya, midomo mliyoizuia ifungueni. Mtoto huyu wewe ungemkabidhi nani?